Baraza la jamii katika mji mdogo wa Uskoti: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota mlangoni mwa duka la dawa, kituo cha basi, na kwenye simu zinazoingia saa nne usiku. Wengi wanaoniuliza wamekuja kwa kazi za kutunza wazee, au wamemfuata mume au mke, wakajikuta hawako Glasgow wala Edinburgh bali kwenye mji wenye barabara kuu moja, baa tatu na mto. Mji wangu ni wa namna hiyo, upande wa Perthshire, na huu ni muhula wangu wa pili kama mjumbe wa baraza la jamii. Nimejibu kama ninavyojibu pale kituoni. Taratibu hutofautiana kidogo toka halmashauri moja hadi nyingine, hasa rangi za mapipa ya taka.

Hili baraza la jamii ndilo serikali ya mtaa?

Hapana, na hapo ndipo wengi tunapopotea njia. Uskoti ina halmashauri 32. Hizo ndizo zenye fedha, wafanyakazi, magari ya taka, shule na ofisi za mipango miji. Madiwani wake huchaguliwa kwa kura, na kata moja kwa kawaida huwa na madiwani watatu au wanne. Baraza la jamii liko chini ya hapo: wajumbe wa kujitolea, hawalipwi, wanakutana mara moja kwa mwezi au karibu hivyo. Sheria iliyoyaanzisha ni ya 1973, na mabaraza ya kwanza yalianza kazi katikati ya miaka ya 1970, wakati miji midogo yenye hadhi ya zamani ilipopoteza mabaraza yake na mameya wake. Leo yapo kama 1,200 nchi nzima.

Kazi tuliyopewa na sheria ni kuulizia wakazi wanataka nini, kuyaweka pamoja maoni yao, na kuyafikisha kwa halmashauri na mashirika mengine ya umma. Basi. Hatujengi, hatutozi, hatukamati. Kule Uingereza yenyewe, mabaraza ya parokia yanaweza kukusanya kodi ndogo. Sisi haturuhusiwi hata peni moja. Halmashauri hutupa ruzuku ya mwaka ya pauni mia kadhaa, inayotosha kukodi ukumbi na kununua karatasi. Kwa hiyo ukitukuta tunabishana dakika arobaini kuhusu rangi ya benchi la kando ya mto, usicheke sana. Benchi ndilo tunaloliweza.

Nahitaji barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti. Ana muhuri?

Hana muhuri. Hili swali nalipenda kuliko yote kwa sababu nami nililiuliza. Tumezoea mwenyekiti wa mtaa, au chifu kama umetoka Kenya: unakwenda asubuhi, unasubiri kwenye benchi, unaandikiwa barua, inagongwa muhuri, mambo yanaendelea. Dada mmoja kutoka Mbeya alimfuata mwenyekiti wetu hadi nyumbani akiwa na picha mbili za pasipoti na daftari. Mama wa watu akamkaribisha chai na biskuti, wakaongea nusu saa, na hakuna kati yao aliyejua mwenzake anataka nini.

Hapa utambulisho wa makazi ni karatasi zenye jina lako na anwani: bili ya kodi ya halmashauri, mkataba wa kupanga, barua ya benki au ya mamlaka ya mapato. Benki na ofisi zingine zitakuambia wanakubali ipi. Kwa hiyo ukihamia, hakikisha bili angalau moja ina jina lako na si la mwenzako tu.

Kuna shimo barabarani, na taa ya mtaani imezimika. Naanzia kwenu?

Anzia kwa mwenye barabara. Barabara za mji na za vijijini ni za halmashauri, na unaripoti kwenye tovuti yake au kwa simu. Barabara kuu za kitaifa, kama A9 inayopanda kutoka Perth kwenda Inverness, ziko chini ya Transport Scotland, na halmashauri haigusi hata koleo. Bomba likipasuka, ni Scottish Water. Umeme ukikatika, piga 105. Polisi kwa jambo lisilo la dharura ni 101, ushauri wa kiafya usiku ni 111, na dharura ya kweli ni 999.

Ukiripoti, taja mahali hasa. Mzee mmoja wa mtaa wa juu aliripoti mara tatu "ile taa ya karibu na duka", na mara tatu hakuna aliyekuja, akaleta hasira zake zote kikaoni. Baada ya kikao tulitoka naye na tochi. Kila nguzo ya taa ina namba. Ya kwake ilikuwa imefunikwa na ukungu wa kijani, ule unaoota juu ya kila kitu huku. Akaufuta kwa mkono wa koti, tukasoma tarakimu, nikaripoti papo hapo kwa simu. Wiki haikuisha taa ikawaka. Tangu siku hiyo yeye ndiye fundi wetu wa namba za nguzo, anazijua kuliko fundi wa umeme.

Kwa shimo: jina la barabara, upande gani, mbele ya nyumba namba ngapi, na picha yenye kitu cha kupimia ukubwa kama kiatu. Hifadhi namba ya kumbukumbu utakayopewa. Ukikaa bila jibu, hapo ndipo utuletee. Katibu anaandika kwa niaba ya baraza, anamnakili diwani wa kata, na jambo linaingia kwenye muhtasari ambao mtu yeyote anaweza kuusoma. Barua ya mtu mmoja hukaa chini ya faili. Muhtasari una tarehe, na mwezi unaofuata unarudi kwenye "Yatokanayo" hadi mtu ajibu.

Mapipa. Sielewi mapipa.

Hakuna anayeelewa mwezi wa kwanza. Tafuta kalenda ya kuzoa taka ya halmashauri yako kwa kuandika msimbo wa posta wa nyumba, ichapishe, ibandike kwenye jokofu. Andika namba ya nyumba kwenye pipa kwa rangi, kubwa. Pipa langu la kwanza lilipeperushwa na upepo wa Januari nikalikuta mtaa wa tatu, limeshapata mwenye nyumba mpya aliyekuwa ameliosha. Niliona haya kulidai.

Kodi ya halmashauri inahesabiwaje? Mbona jirani analipa tofauti?

Nyumba zimepangwa katika madaraja manane, A hadi H, kwa bei ambayo zingeuzwa mwaka 1991. Ndiyo, 1991. Nyumba iliyojengwa mwaka jana nayo inakadiriwa kama vile ingeuzwa mwaka ule. Bili hiyohiyo imebeba pia maji safi na maji taka, ambayo halmashauri inayakusanya kwa niaba ya Scottish Water, ndiyo maana huoni bili ya maji peke yake.

Mambo yanayowapita wengi: ukiishi peke yako, omba punguzo la asilimia 25, haliji lenyewe. Nyumba ya wanafunzi pekee wa masomo ya muda wote hailipi. Mwenye kipato kidogo anaweza kuomba kupunguziwa zaidi. Na kama mnaishi watu watatu au zaidi ambao si wa familia moja mkishirikiana jiko na bafu, mwenye nyumba anatakiwa awe na leseni ya kupangisha namna hiyo, na kwa kawaida kodi humwangukia yeye. Nimekutana na vijana wanne wa kituo cha wazee waliokuwa wakichanga kodi kila mwezi na kumpa mwenye nyumba juu ya pango. Tuliwaelekeza kwenye ofisi ya ushauri wa wananchi, ambayo ni bure.

Malipo kwa kawaida ni awamu kumi, Aprili hadi Januari. Februari na Machi mfuko unapumua.

Jirani anataka kuongeza ghorofa. Baraza linaweza kumzuia?

Kuzuia, hapana. Kusema, ndiyo, na kusema kwetu kuna uzito kidogo. Kila wiki halmashauri hututumia orodha ya maombi ya vibali vya ujenzi. Katibu wetu huisoma kikaoni kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo. Baraza likiona jambo ni kubwa linaomba kushirikishwa rasmi, na halmashauri inalazimika kupokea maoni yake.

Wewe mwenyewe una haki ya kuandika. Ukipata barua ya taarifa kwa jirani, hesabu siku 21. Andika mambo ambayo sheria ya mipango miji inayatazama: kivuli kitakachoangukia dirisha lako, faragha, magari, kelele, mafuriko, mti wa zamani, sura ya mtaa. Usiandike kwamba mandhari yako ya milima itapotea au bei ya nyumba yako itashuka. Hayo hayahesabiki, hata kama ndiyo yanayokuuma. Usiandike chochote kuhusu tabia ya jirani, maana barua yako itawekwa hadharani na ataisoma.

Halafu kuna jambo ambalo huwaudhi watu kila mara nikilieleza. Mwombaji akinyimwa kibali anaweza kukata rufaa. Wewe uliyepinga, kibali kikitolewa, huna rufaa. Kuna watu wamepigania hilo libadilike kwa miaka mingi, na mimi niko upande wao, ila kwa leo ndivyo lilivyo.

Wanasema mitambo ya upepo italeta fedha mjini. Ni kweli?

Inaweza kuwa kweli, na hapa ndipo mji mdogo unapoweza kushika fedha kuliko ndoto zake. Mwongozo wa serikali ya Uskoti unapendekeza kampuni ya mitambo ilipe jamii ya karibu pauni 5,000 kwa mwaka kwa kila megawati, ikipanda kufuata mfumuko wa bei. Piga hesabu: mitambo kumi ya megawati nne kila mmoja ni megawati 40, sawa na pauni 200,000 kila mwaka kwa umri wote wa mitambo. Linganisha na ile ruzuku yetu ya karatasi na ukumbi.

Ila ni mwongozo, si sheria, na kiwango kinatokana na mazungumzo. Pia maombi yenyewe yanaamuliwa bila kutazama fedha hizo. Huwezi kuunga mkono kwa hoja kwamba tutalipwa. Mitambo ya megawati zaidi ya 50 haiamuliwi na halmashauri bali na mawaziri wa Uskoti. Ugomvi wa kweli huja baadaye: nani ni "jamii ya karibu"? Kijiji kinachoiona mitambo, au kile ambacho malori yalipita mbele ya shule yake miezi kumi na minane? Nimeona marafiki wa miaka thelathini wakiacha kusalimiana kwa swali hilo.

Kanisa letu linauzwa. Mji unaweza kulinunua?

Kanisa la Uskoti, lilelile lenye mizizi ya misheni za Kikuyu na Tumutumu kule Kenya, linafunga na kuuza majengo mengi kwa sababu waumini wamepungua. Katika mji mdogo jengo hilo ndilo pia ukumbi, ndiyo klabu ya watoto, ndiyo mahali pa chai baada ya mazishi. Mkenya wa kipresbiteri aliyekulia kwenye kanisa lililojaa hadi nje huona tangazo la "Linauzwa" mlangoni akashindwa aseme nini.

Sheria ya ardhi ya 2003 inaipa jamii haki ya kuwa ya kwanza kununua, mradi imesajili nia yake mapema, kabla jengo halijaingia sokoni. Anayenunua si baraza la jamii. Ni lazima kiundwe chombo cha wakazi chenye katiba yake. Wakazi wanapiga kura, mthamini huru anapanga bei, na upo mfuko wa Scottish Land Fund wa kuombea fedha. Mfano ulio karibu nasi ni Comrie. Mwaka 2007 wakazi kupitia chombo chao walinunua kambi ya zamani ya jeshi ya Cultybraggan, iliyofungia wafungwa wa vita wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa pauni 350,000. Vile vibanda vya bati vya mgongo wa duara leo vina biashara ndogondogo, na vingine wageni hulala. Ukipita, ingia. Ukiona jinsi kijiji kilivyogeuza kambi kuwa mali yake utaelewa kwa nini sisi tunahangaika na ukumbi mmoja.

Mimi si raia. Naweza kupiga kura? Naweza kugombea?

Tangu 2020, mtu yeyote mwenye miaka 16 na kuendelea anayeishi Uskoti kihalali, awe wa nchi yoyote, anaweza kupiga kura ya madiwani na ya Bunge la Uskoti. Viza ya kazi inatosha. Lazima ujiandikishe. Kwa Bunge la London ni hadithi nyingine: Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanapiga kwa kuwa nchi zao ni za Jumuiya ya Madola, Mkongo, Mrundi na Mwomani hawapigi hadi wapate uraia. Kwenye nyumba moja ya mke na mume nimeona mmoja anakwenda kituoni na mwingine anabaki na watoto.

Baraza la jamii kwa kawaida linamkubali aliyeandikishwa kwenye daftari la wapiga kura la eneo hilo, kuanzia miaka 16. Na nikwambie siri isiyo siri: mara nyingi wagombea hawazidi nafasi, hivyo kura haipigwi kabisa. Mimi niliingia kwa fomu ya ukurasa mmoja na sahihi za majirani wawili. Mmoja wao alisaini akidhani naomba kuanzisha bustani.

Mbwa wanachafua njia, na magari yanapaki juu yake.

Mwenye mbwa asiyezoa kinyesi anatozwa pauni 80. Kupaki kwenye njia ya waenda kwa miguu kumepigwa marufuku, na tangu Desemba 2023 halmashauri zinaweza kutoza pauni 100, zinazoshuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 14. Wanaotoza ni maofisa wa halmashauri. Kutupigia sisi picha ya gari la jirani hakusaidii, na tafadhali acheni kunitumia.

Kadi ya basi ya bure inapatikanaje?

Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 21 wanasafiri bure kwenye mabasi Uskoti nzima tangu 31 Januari 2022. Wenye miaka 60 na zaidi nao wamo, pamoja na watu wengi wenye ulemavu. Uraia hauulizwi, makazi ndiyo yanayoulizwa. Omba mtandaoni au kupitia shule na maktaba. Kadi ni rahisi. Basi lenyewe ndilo adimu: letu la mwisho huondoka kabla zamu ya jioni haijaisha, na suala hili limekuwa kwenye ajenda yetu tangu kabla sijaingia.

Theluji, dhoruba na mafuriko: nani anakuja?

Magari ya kumwaga chumvi ya kuyeyusha barafu huanza na barabara kuu, za mabasi na za kwenda hospitali. Mtaa wako wa ndani unaweza usifikiwe siku nzima. Kwa hiyo pembeni utaona sanduku lenye chumvi ya kahawia. Ni ya kila mtu: chota, mwaga kwenye barabara na njia ya umma. Si ya kuhifadhi gereji.

Mafuriko hayana masihara. Comrie iliingiwa na maji mara mbili katika mwaka mmoja, 2012. Jiandikishe kupokea tahadhari za SEPA, wakala wa mazingira, zinakuja kwa simu. Na dhoruba ya Arwen ya Novemba 2021 iliacha nyumba kadhaa kaskazini mashariki bila umeme kwa zaidi ya wiki. Hapo baraza la jamii, lililodharauliwa kwa benchi lake, ndilo lenye funguo za ukumbi, jiko la gesi na orodha ya wazee wanaoishi peke yao. Ukiwa na gari la kupita kwenye theluji au unajua huduma ya kwanza, tupe jina lako sasa, wakati kuna jua.

Tunataka ukumbi kwa sherehe. Na kwa msiba je?

Ukumbi unakodishwa kwa saa, na kamati ya ukumbi si baraza. Muziki ushuke saa inayoandikwa kwenye fomu, majirani wako mita kumi tu. Pombe mkiwapa wageni wenu bure haina shida. Mkiuza, hata kwa kuingiza bei kwenye tiketi, ombeni leseni ya muda wiki kadhaa kabla.

Kwa msiba, poleni. Kifo kinasajiliwa ndani ya siku 8, uzazi ndani ya siku 21, kwa msajili wa halmashauri. Kwa ukumbi, mpigie mmoja wetu hata usiku. Kamati yetu haijawahi kumtoza mfiwa.

Kiingereza changu si kizuri na lafudhi yao siielewi. Nije kikaoni?

Njoo. Mimi mwaka wa kwanza nilielewa nusu, na nusu nyingine niligundua baadaye kwamba ilikuwa hali ya hewa. Kikao huanza saa 1 usiku. Mpangilio utautambua: kufungua, walioomba radhi, muhtasari uliopita, yatokanayo, ripoti ya polisi, madiwani wa kata ambao huhudhuria bila kura, mipango miji, fedha, mengineyo. Akidi isipotimia tunakunywa chai na kurudi nyumbani. Ukitaka jambo lako lijadiliwe, mwandikie katibu wiki moja kabla. Ukilileta kwenye "Mengineyo", saa 2 na dakika 50, utapata vichwa vya kutikisa tu, kwa sababu saa 3 mlinzi wa ukumbi anasimama mlangoni na funguo.

Vaa koti. Mashine ya joto ya pale inakula sarafu, na mweka hazina huhesabu.